Wiki Nne Nilizompunguzia Nasor

Jambo hili lote, nikilihesabu mara mbili kama ilivyo tabia yangu, liligharimu miezi kumi na moja ya goti la mtu, wito mmoja wa timu ya taifa usiorudi tena, na fainali moja tuliyofungwa matatu kwa bila. Goti halikuwa langu. Wito haukuwa wangu. Fainali ilikuwa ya mtaa mzima. Mie nilichotoa mfukoni mwangu ni neno moja tu, tena fupi, na ndiyo maana nakwambia, mwanangu, sijaona bidhaa inayotoka dukani kwa urahisi na kurudi kwa ughali kama neno.

Kaa vizuri. Sina haraka, na wewe ukiwa nayo iache mlangoni pamoja na viatu.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Tulikuwa tumeshatoka Unguja, tumetua Maskati na masanduku mawili, na mie nimewekwa kwenye duka la vitambaa la ami yangu, soko la Matrah. Pale ndipo nilipopata elimu yangu ya juu. Ami alinifunza kwamba kila kitu huhesabiwa mara mbili, mara moja kwa ajili yako na mara moja kwa ajili ya anayekuhesabia. Akanifunza pia kwamba bei ya kwanza si bei, ni salamu. Mtu akikwambia sita, anakusudia nne na yu radhi kwa tatu. Ukimpa sita kama alivyotaja, atakudharau, kisha atajuta kwa nini hakusema nane.

Jioni nilikuwa kwenye mpira. Si kucheza, miguu yangu ilikuwa ya dukani. Nusu ya klabu yetu walikuwa vijana wa kwetu, waliozaliwa Unguja au waliozaliwa na waliozaliwa Unguja, na uwanjani walikuwa wakiitana kwa Kiswahili, wapinzani wasijue mpira unaelekea wapi. Klabu ikaajiri kocha Mjerumani. Wazee wetu, ambao kwao dunia haikubadilika tangu ujana wao, wakimwita Mdachi. Jina lake Volkmar. Mtu mrefu, miaka arobaini hivi, na mguu wake wa kushoto haukunjiki vizuri. Akikaa kitini mguu ule hutangulia mbele kama unataka kumtega mpita njia. Tulijua tu kwamba alikuwa beki wa kushoto kwao, daraja la kwanza, na kwamba aliacha mapema. Kwa nini aliacha hakuna aliyemwuliza. Kwetu mwenye mguu mbovu haulizwi khabari za mguu.

Volkmar alisema Kiingereza, wachezaji walisema Kiswahili na Kiarabu, na mie nilikuwa nimekipata Kiingereza skuli. Basi nikawa mkalimani. Na kwa kuwa nilikuwa mtu wa duka, kila alichosema nilikifikisha kwa bei iliyopunguzwa. Akisema, "Mwambie amecheza vibaya sana," mie husema, "Kocha anasema leo hukuwa na bahati." Akisema, "Mwambie akichelewa tena asije," mie husema, "Kocha alikuwa anakuulizia." Kila mtu alifurahi. Volkmar alipendwa kuliko alivyostahiki, na mie nilijiona mtu wa maana.

Nakupa mfano mmoja. Kulikuwa na mchezaji akiitwa Nasor, nitakueleza khabari zake punde, na mama yake, Bi Zamzam wa Sidab, alituita timu nzima kwake kula biriani. Volkmar akaonja, akaweka mkono kifuani, akanambia, "Mwambie mama namshukuru sana, lakini chumvi imezidi." Bi Zamzam amesimama na leso yake, anangoja hukumu. Nikasema, "Anasema hajapata kula biriani kama hii maisha yake." Na si uongo, mwanangu, hakupata. Bi Zamzam akacheka, akamwongeza sahani ya pili kwa mkono wake mwenyewe, na yule maskini akaila yote kwa adabu, akanywa maji kama ngamia aliyetoka safari.

Tulipotoka nje, Mzee Juma akanishika bega. Yeye alikuwa mtunza jezi wetu, mtu aliyefanya kazi melini miaka mingi, na mie sikujua kama huko alijifunza Kiingereza.

"Kijana, yule mtu kasema chumvi."

"Nnajua, Mzee Juma."

"Wewe ni mkalimani au muuza vitambaa?"

"Vyote viwili."

"Haya. Iko siku utamkatia mtu kitambaa kisimtoshe."

Nikacheka. Mzee akikwambia neno na wewe ukacheka, andika pembeni tarehe.

Sasa Nasor. Alikuwa rika langu, mie na yeye chanda na pete. Mshambuliaji, miguu yote miwili sawa, na mbio ambazo mtu akizitazama husahau kumeza mate. Watu wa timu ya taifa walikuwa wameshakuja mara mbili kumtazama, na ikajulikana kwamba baada ya fainali yetu majina yatatajwa. Kwa Bi Zamzam, mjane aliyemlea kijana huyo peke yake, hilo jina likitajwa ingekuwa kama limetajwa lake.

Wiki tatu kabla ya fainali, mazoezini, Nasor akagongana na beki, akaangukia goti la kulia. Volkmar akampeleka mwenyewe hospitali, na mie nyuma yao. Daktari alikuwa mgeni. Akalipapasa goti, akazungumza na Volkmar kwa Kiingereza. Kisha Volkmar akanigeukia.

"Mwambie wiki sita. Asiguse mpira. Mwambie akilipumzisha wiki sita atacheza miaka kumi. Akiliharakisha atacheza dakika kumi."

Nikamtazama Nasor pale kitandani. Alikuwa ananikodolea macho kama mtoto anayengoja kuambiwa Idi ni kesho au keshokutwa.

Hapa, mwanangu, lazima nikufahamishe desturi yetu, maana bila ya hiyo utanidhania mbaya kuliko nilivyokuwa. Kwetu khabari nzito hatumtwiki mtu kwa mara moja. Mtu akifiwa na baba, huambiwa, "Mzee hajisikii vizuri, njoo." Njiani ataambiwa kazidiwa. Akifika mlangoni ataona viatu vimejaa na watu wamekaa mikekani, ajue mwenyewe. Ndivyo tulivyolelewa, na ni uungwana. Sijauacha mpaka leo. Basi nikaazimu nimpe Nasor wiki zake sita kwa mafungu. Mbili sasa. Zikiisha, mbili nyingine. Kisha mbili za mwisho. Jumla sita, niliihesabu mara mbili na haikupungua hata siku.

Na ipo sababu ya pili, ambayo niliificha hata nafsini mwangu. Fainali ilikuwa wiki tatu mbele. Sita ilikuwa bei ya kwanza. Nani alinunua kwa bei ya kwanza?

Nikasema, "Kocha anasema upumzike wiki mbili, kisha tutatazama."

"Mbili tu?" Nasor akaruka kukaa. "Alhamdulillahi! Mie nshajitayarisha kuambiwa miezi miwili!"

Volkmar akamwona anacheka, akastaajabu. Akanambia, "Jasiri huyu. Nilidhani atalia."

Nikamjibu, "Sisi watu wa Unguja tuna subira."

Angalia hasara hiyo ilivyokaa. Mtu alikuwa ameshajifunga kibwebwe kwa wiki nane, na mie nimempa mbili. Nilimpunguzia ambaye hakuomba apunguziwe. Hata dukani jambo hilo halifanywi.

Zikapita zile wiki mbili. Kila nikienda Sidab namkuta Nasor amepanga kokwa za tende kwenye sahani, kila siku anaondoa moja. "Zimebaki tano," ananambia. "Zimebaki tatu." Na mie kila siku nasema kesho nitamwambia kuna fungu la pili. Kesho ni duka lisilofungwa, mwanangu; mtu aweza kukopa humo mpaka akafilisika.

Siku ya mwisho nilikuwa nimeshajipanga. Tulikuwa ndani ya gari ya Volkmar kwenda uwanjani, na sentensi nnayo mdomoni: Nasor, kocha anaona tuongeze kidogo. Tulipofika Ruwi tairi likapasuka. Volkmar akashuka na mguu wake ule, akapiga jeki, mie nimeshika nati mkononi. Tukachelewa nusu saa.

Tulipofika, watu walikuwa wamesimama duara katikati ya uwanja. Mpira uko peke yake pembeni, hakuna anayeutaka. Nasor yuko chini, amelikumbatia goti, uso umemgeuka rangi ya jivu. Alipomwona Volkmar akadhani atagombwa kwa kuanza bila ya ruhusa, akainua vidole viwili, akasema kwa Kiingereza alichokiokota katika wiki hizo hizo, "Wiki mbili, kocha. Zimekwisha."

Volkmar akapiga goti lake moja lililo zima mbele yake. Akainua mkono mzima, na kidole kimoja cha mkono wa pili.

Nasor akavitazama vile vidole. Kisha akanitazama mie.

Vidole havina mkalimani, mwanangu.

Volkmar hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alimbeba Nasor mpaka garini, akatupeleka hospitali. Safari hii goti lilikuwa limechanika ndani. Likahitaji kupasuliwa, na daktari akasema atashukuru akitembea sawasawa kabla ya mwaka kwisha. Mpira, hakuahidi.

Kesho yake jioni Volkmar akawakalisha wachezaji wote chini, yeye akakaa juu ya kreti la soda, mguu mbele. Mzee Juma akaja akakaa ubavuni mwangu. Nikafahamu kwamba jana yake alikuwa amekwenda kusema yote anayoyajua.

"Leo hatuchezi," Volkmar akasema. "Leo utafasiri maisha yangu. Neno kwa neno. Juma ataonja chumvi."

Akaanza. Alizaliwa katika mji wa machimbo ya makaa ya mawe. Baba yake akiingia chini ya ardhi jua halijachomoza, na mama yake akifua mashuka ambayo hayakupata kuwa meupe. Alicheza mpira kwenye vifusi vya machimbo, mpira wa ngozi ambao mvua ikinyesha unakuwa mzito kama jiwe la kusagia. Akiwa na miaka kumi na mitano akaonwa na mzee mmoja, mwalimu wa mpira wa klabu ya mji. Mzee huyo alimnunulia viatu vyake vya kwanza vya kuchezea, akamlisha mezani kwake kila Jumapili, akamfanya mtoto wake. Alipotimiza kumi na tisa akaingia timu ya kwanza, na akacheza beki wa kushoto misimu minane. Katika misimu hiyo minane alifunga magoli mawili, moja kati ya hayo la kujifunga.

Nikafasiri, "Alifunga magoli mawili."

Mzee Juma akasema, "Moja la kujifunga."

Wachezaji wakaangua kicheko. Volkmar naye akacheka, akaniashiria niendelee. Nikaona ajabu: lile nililolificha ili nimstahi ndilo lililomfanya apendeze.

Akaendelea. Siku kumi kabla ya fainali ya kombe, goti lake la kushoto likaumia. Daktari alimwambia yule mzee: miezi mitatu. Yule mzee akaingia chumbani, akamkuta Volkmar amekaa kitandani, anauliza kama atacheza. Akamwambia, "Daktari anasema limechoka tu. Tutalifunga bandeji." Akalifunga mwenyewe, kwa mikono yake. Volkmar akacheza dakika sitini na nane. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na baada ya dakika hizo hakucheza tena.

"Akaja hospitali na kikapu cha matofaa," Volkmar akasema. "Akakaa, akanimenyea tofaa moja. Nikamwuliza kwa nini. Akanijibu, 'Ulikuwa na furaha sana. Nilishindwa kukuondolea.'"

Nikayafasiri hayo.

"Miaka minane, kila Jumamosi, watu kumi na mmoja walikuja kunimaliza na hawakuweza. Aliyenimaliza ni mtu aliyenipenda."

Nikasema, "Aliyenimaliza ni mtu aliyenijua."

Mzee Juma akakohoa.

"Aliyenipenda," nikasema. Wazee wamesema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakutwambia kwamba na yeye huenda analia anapokula.

Baada ya hapo, alisema, aliuza matairi miaka minne, akawa anapita mbali na uwanja ili asisikie kelele. Halafu akashindwa, akasomea ukocha, akafundisha huku na huko mpaka akafika kwetu. Alipomaliza akanigeukia mie peke yangu.

"Yule mzee nilimsamehe. Lakini nilichelewa, nilimsamehea kaburini. Nasor yu hai na wewe uko hai. Nenda Sidab sasa hivi, na usinichukue mimi."

Nikaenda. Bi Zamzam akanifungulia, akanikaribisha, akaniletea kahawa na tende kama kawaida, kwa sababu hakujua, na mtoto wake hakutaka kumwambia. Hapo nusura nishindwe. Kunywa kahawa ya mtu ambaye bado anakupenda, nawe unajua unachokuja kumwambia, ni jambo ambalo sikuombei. Nikaweka kikombe chini hakijaisha.

"Bi Zamzam. Kocha alisema wiki sita. Mie ndiye niliyesema mbili."

Yeye akakaa chini polepole. Nasor alikuwa juu ya godoro, mguu ndani ya plasta, anatazama dari.

"Nlikwambia nshajitayarisha kwa miezi miwili," akasema. "Nlikwambia au sikukwambia?"

"Ulinambia."

"Sita ningelia siku moja, nikanyamaza."

"Na mie," akasema Bi Zamzam, "ningekaa juu ya mguu wenyewe asinyanyuke." Akanitazama, anaifutafuta sinia ambayo haina kitu. Kisha nikaona jambo jipya limemjia kichwani. "Hebu nambie. Na ile biriani? Alisema nini hasa?"

"Alisema anashukuru sana. Na chumvi imezidi."

"Nlijua!" Akapiga paja. "Nlijua mie! Mtu mmoja kunywa mtungi mzima! Na wewe ukaniachia nikamwongeza!"

Nasor akacheka. Hakutaka kucheka, kilimtoka tu, kisha kikageuka kilio, na mama yake akaenda kumshika kichwa. Mie nikatoka. Nikiwa mlangoni Nasor akanambia, "Usije kesho."

Sikwenda kesho, wala keshokutwa. Fainali tukafungwa. Majina ya timu ya taifa yakatajwa, na la Nasor halikuwamo. Siku ya kumi Volkmar akasimamisha gari mbele ya duka la ami. "Nnamhitaji mkalimani," akasema. "Nimemwuliza Nasor kama anataka mwengine. Amesema wewe sasa umeshapigwa na kosa lako, mwengine bado."

Ilipoondolewa plasta tukaanza. Mara tatu kwa wiki Volkmar alitupeleka ufukweni Bustan, Nasor akaingia maji ya kiuno, akatembea humo, akanyanyua mguu, akaukunja. Mambo hayo Volkmar hakufanyiwa yeye. Kwao, zamani zake, goti likifa lilizikwa. Aliyajifunza baadaye, yamechelewa kwake, akayaweka. Alikuwa anampa Nasor ule mguu ambao yeye hakupewa.

Na kila idadi niliifikisha nzima.

"Kasema ngapi?" Nasor anauliza kutoka majini.

"Ishirini."

"Huniibii?"

"Ishirini, wallahi."

"Mwulize kumi na tano hazitoshi?"

Namwuliza. Volkmar anajibu. Nafasiri: "Anasema ishirini na tano."

"Ungebaki na uongo wako!"

Miezi kumi na moja. Siku aliyorudi uwanjani alipewa dakika ishirini. Dakika ya tano akasukumwa, akaanguka, na watu wote ukingoni wakasimama. Akainuka mwenyewe, akajikung'uta vumbi, akamtukana beki kwa Kiswahili safi. Volkmar akageuza uso, akawa anatazama ukuta ambao haukuwa na kitu cha kutazamwa. Nasor alicheza misimu sita baada ya pale. Timu ya taifa haikumwita kabisa, hilo sitokupunguzia. Lakini alisoma, akawa mwalimu wa michezo, na leo yuko Mabela, nyumba ya tatu kutoka kwangu, anafundisha watoto mpira. Mtoto akiumia, Nasor humwambia wiki ngapi, humwandikia kwenye karatasi, akaibandika kwenye begi lake.

Na mie kosa lile lilinipa riziki. Volkmar ndiye aliyenipendekeza kwa hospitali moja hapa mjini iliyokuwa inatafuta mkalimani. Nikafanya kazi hiyo mpaka nimestaafu. Vibibi vyetu visivyojua Kiarabu cha madaktari, na baadaye wasichana wa Tanzania wanaofanya kazi majumbani, wote wamepita mdomoni mwangu. Mmoja akiitwa Neema, wa bara huko, alikuja na uvimbe kifuani. Bibi aliyemwajiri, mtu mwema, akanivuta pembeni: "Mwambie ni kitu kidogo, asije akazimia." Mie nikamletea Neema kiti, nikamletea maji, nikangoja anywe. Kisha nikamwambia alichosema daktari: uvimbe utakatwa, na dawa miezi sita, na kwa kuwa umewahi, matumaini ni makubwa. Akanitazama. "Asante, baba. Tangu nije hapa kila mtu ananiambia hamna shida. Nilishajua ipo, nilikuwa sijui tu ni kubwa kiasi gani." Akamaliza miezi yake sita. Hunipigia simu Krismasi na Idi zote mbili, na ana watoto wawili sasa. Nimewahesabu kwenye picha.

Basi hii ndiyo nasaha, mwanangu, nakuwekea mezani bila ya kuifunga karatasi. Punguza bei ya zulia, ya samaki, ya mahari ukiweza. Usipunguze idadi ya daktari. Uungwana ni mzuri, nao mahali pake ni kwenye sauti, kwenye kiti, kwenye maji ya kunywa, kwenye kuchagua saa ya kusema. Mahali pake si kwenye hesabu. Kubwa la mambo: ukiona unamficha mtu jambo kwa sababu unampenda, simama ujiulize unamlinda nani, yeye au uso wako usiuone uso wake. Mara nyingi utakuta ni wewe. Na watu wana mioyo mikubwa kuliko tunavyowapimia. Alikuwa ameshajitayarisha kwa nane, kumbuka. Msema kweli mpenzi wa Mungu, lakini mie naongeza: mpe mwenzio nafasi na yeye awe mpenzi wa Mungu, kwa kuisikia.

Mwenyezi Mungu akujaalie magoti ya kukuchukua mpaka uzee, na ulimi usiokugeuka, na rafiki ambaye ukimkosea atakwambia usije kesho, halafu siku ya kumi akakutaka. Akujaalie na wewe uwe rafiki wa namna hiyo. Amin.

Lakini kabla hujaondoka, nna haja na wewe.

Volkmar sasa anakaribia miaka themanini, na wajukuu wake wamemshikilia aandike maisha yake ya mpira. Ameandika. Binti yake ameyatoa katika Kijerumani akayatia Kiingereza, na Volkmar mwenyewe ameniomba niyatie Kiswahili, wanafunzi wa Nasor wayasome. Nimefasiri machimbo, nimefasiri viatu vya kwanza, nimefasiri goli la kujifunga. Wiki iliyopita nilifika sura ya Maskati. Imeandikwa hivi: "Mkalimani wangu, kijana mwema sana, alikosea kidogo hesabu ya wiki."

Kidogo! Nikampigia simu. Kiswahili alichojifunza kwetu amekihifadhi vizuri, tena kimezeeka kama cha kwetu.

"Volkmar, umeandika kidogo. Haikuwa kidogo, na sikukosea. Nilipunguza."

"Nnajua ulichofanya," akasema. "Lakini watoto watasoma jina lako. Nakustahi. Si nyinyi mlionifunza adabu?"

"Basi nitaandika ilivyokuwa."

"Hapana, bwana. Kitabu changu, maneno yangu. Wewe ni mkalimani. Neno kwa neno!" Akacheka mpaka akakohoa, akakata simu.

Sasa nimekaa na ukurasa huu wiki ya pili. Nikifasiri kama alivyoandika, nitakuwa nimefikisha sawasawa jambo lisilo sawasawa. Nikiandika ilivyokuwa, nitakuwa nimegeuza maneno ya mtu tena, na yule yule. Nimemwuliza Nasor, kasema yeye na mie tuna maslahi katika jambo hili, nitafute mtu ambaye hakuwepo. Wewe hukuwepo. Niandike nini? Nambie unavyoona, na tafadhali, usinipunguzie.